Dizeli ya mafuta ya chipsi ilivyoharibu mchicha wa jirani, nikahamia maganda ya mayai

Wakuu, salaam kwenu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Tegeta, sijasimuliwa na mtu. Wanakemia mnivumilie, mie ni fundi pampu tu.

Nilikuwa nakusanya mafuta yaliyochoka kwenye vibanda vya chipsi, nachanganya na methanoli na kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni), napata dizeli. (Methanoli ni sumu na inashika moto haraka, msijaribu ndani ya nyumba.)

Dizeli inawaka vizuri. Ishu ni kuiosha mabaki ya kostiki na sabuni. Inakula maji mengi, na yote yanatoka na povu la sabuni. Nikawa nayamwaga mtaroni.

Mtaro ule unaishia kwenye matuta ya mchicha ya jirani yangu, Mama Zawadi. Mchicha ndio unaolisha nyumba yake.

Siku moja kaja na fungu la mchicha wa njano. "Baba Junior, mie mambo yako siyajui. Ila mchicha wangu umeunywesha nini?"

Wakuu, niliona aibu mpaka basi. Nikamwahidi povu halitatoka tena, nikishindwa naacha kabisa.

Nikaanza kusoma. Kumbe maganda ya mayai yakichomwa kwa moto mkali yanageuka chokaa, na chokaa hiyo inafanya kazi ya kostiki. Ukimaliza unaichuja na kuitumia tena. Nikacheka peke yangu. Muuza chipsi mayai ana vyote viwili, na mie miezi yote nabeba mafuta tu!

Nikachoma kwenye jiko la mkaa. Yakaishia kuwa meusi, na nilipoyajaribu, mafuta hayakugeuka dizeli. Nikaenda Boko kwa Chausiku, mchoma chokaa, akaniwekea kwenye tanuru lake. Yakatoka meupe pee.

Hapo nikaboronga. Vumbi lilikuwa linapeperuka, nami kwa mazoea ya kupaka ukuta nikamimina maji. Beseni likachemka lenyewe! Nikampigia Chausiku kwa furaha, nikidhani ndiyo nguvu yake.

Alicheka sana. "We kaka, umeshaiua. Chokaa hai haionjeshwi maji. Hiyo sasa kapakie ukuta wa choo."

Safari ya pili niliifungia kwenye kopo kavu. Nikakoroga na methanoli na mafuta ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, nikaacha yatulie. Kesho yake dizeli iko juu, gliserini, ule uji mzito, iko chini. Nikachuja kwa kitambaa.

Sitawadanganya, bado inataka kusuuzwa, ila ndoo moja ya maji inatosha na povu hakuna.

Nikampelekea Mama Zawadi ile ndoo aione. Akanusa, akanitazama.

"Matuta yangu usiyaguse. Panda mchicha kwako, umwagilie hayo. Ukikaa kijani, tutaongea."

Nimepanda, wakuu. Una majani manne, na kila asubuhi naukagua kabla hata ya kunawa uso.

Nilichojifunza: nilikuwa naita safi kitu ambacho uchafu wake ulikuwa kwa jirani.

Waliowahi kutumia chokaa hai, mwageni ujuzi hapa. Na wakulima wa mchicha, jani la chini kuwa na kidoa cha njano ni kawaida, au nianze kuogopa?