Rangi ya Maganda ya Kahawa

Wa kwanza kulaumiwa ni nyapara wa kiwanda cha kahawa pale Ruiru. Wanaume tulisafisha kahawa mferejini vifua wazi, mimi peke yangu na shati. Tangu ujana nilikuwa na matiti, yote mawili, laini kama ya msichana. Siku aliponivua shati kwa nguvu aliita wenzangu: "Njooni muone. Huyu si wa mferejini, huyu ni wa kunyonyesha." Tangu hapo nikaitwa Maitu, yaani mama. Nikawa najifunga kifua kwa kitambaa cha marekani, nikikikaza mpaka pumzi inakuwa fupi.

Baadaye, chini ya chuchu ya kushoto, nikashika kitu kigumu kama punje ya kahawa. Nikasema ni matiti yale yale. Nikazidi kukaza.

Wa pili ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba. Nilifungua shati nusu tu, naye hata hakugusa. "Maitu, ukianza kutoa maziwa niletee ya chai." Akanipa dawa ya kuchua. Sikurudi.

Kisha chuchu ikaanza kuvuja damu. Mke wangu akifua huuliza, namwambia ni rangi ya maganda ya kahawa. Akaamini, akasugua. Mpaka siku moja akaja na shati mkononi, linachuruzika.

"Baba watoto, kahawa ilishaisha kuchumwa. Wewe sasa unapogoa. Hii rangi inatoka mti gani?"

 Akafungua kitambaa mwenyewe. Tulikuwa na watoto wanne na alikuwa hajaniona kifua.

Kwenda hospitali Thika kulitaka pasi ya kusafiri, ilikuwa wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, na pasi ilipitia kwa nyapara. Akauliza naumwa nini. Nikasema jino.

Daktari alishika yote mawili, polepole. Alisema yale laini hayakuwa ugonjwa, wanaume wengi wanayo, wala si hayo yaliyogeuka kansa. Kansa ni hili bonge gumu la upande mmoja. "Umekaa nalo muda gani?" Karibu miaka miwili, nikasema. Akainama, akaandika.

Walikata. Nilipona. Niliporudi kazini nyapara alitazama shati langu lilivyolala upande wa kushoto. "Maitu, hilo jino lilikuwa kubwa."

Nikacheka pamoja naye.

Kwa hivyo wa tatu ni mimi. Hata sasa mke wangu akiniletea maji ya kuoga anageuza uso, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha.