Unga Ulioyeyuka Nikiamkia

Niliajiriwa kufagia. Maabara yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya kitalu cha miche, juu kidogo ya Lushoto mjini, na kwa darasa langu la saba ufagio ulinitosha. Mama mtaalamu, msimamizi wa pale, aliniona siku moja nikiandika upya vibao vya miche vilivyofutika. Naandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda vitunguu. Akasema ana kazi inayomtaka mtu asiye na haraka.

Kazi ilikuwa kuangalia unga ukiyeyuka. Walikuwa wanakamua majani fulani na kupata unga mweupe, wenye harufu ya dawa ya kikohozi, wa kufukuza wadudu kwenye maharage. Kabla haujashushwa kwenye ghala la bati Mombo, ambako joto ni la bondeni, ilibidi ijulikane unayeyuka kwenye nyuzi ngapi za joto. Ukiyeyuka mapema ungevuja, na mvuke wake ungemuumiza macho mtunza ghala, anayeshinda humo kutwa. Mtu huyo nilimjua kwa sauti ya simu tu. Kila akipiga aliuliza kama huku juu mvua inanyesha.

Nilitia unga kidogo kwenye kijibomba cha kioo chembamba kama bua la majani, nikakifunga ubavuni mwa kipimajoto, nikavitumbukiza kwenye mafuta yanayopashwa moto taratibu. Niliandika namba mbili: ya tone la kwanza, na ya unga wote kuwa maji.

“Macho yasitoke hapo,” mama mtaalamu alinionya. “Hata nyumba ikiungua, niite kwa mdomo tu.”

Mifuko ilikuwa mitatu. Miwili ya kwanza ilianza kuyeyuka kwenye nyuzi arobaini na tisa, ikamaliza kwenye hamsini na moja. Wa tatu niliupima Jumanne asubuhi, mama mtaalamu akiwa mjini. Kipimajoto kilipofika arobaini na mbili, mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee anayelinda miche, rika la babu yangu, tena wa kijiji chetu. Nikasema shikamoo bila kugeuka.

Mzee akaja kusimama nyuma yangu.

“Marahaba nimpe nani?” akasema. “Mgongo?”

Nikageuka. Kwetu Usambaani mkubwa haamkiwi kwa mgongo, na salamu ikianza haikatwi katikati. Nikapiga goti kidogo na kuangalia chini, kama nilivyolelewa. Akaniuliza kwa Kishambaa habari za mama, za mahindi, za mbuzi aliyezaa, za kikohozi cha bibi, na kila moja nikaijibu. Aliridhika. Alisema kumbe kazi ya vioo haijaniharibu, akaenda zake.

Niliporudisha macho, unga wote ulikuwa maji, na kipimajoto kilikuwa arobaini na sita. Kwenye joto hilo mifuko mingine ilikuwa bado haijatoa hata jasho. Nilijua la kufanya: kutupa, kujaza kijibomba kingine, kuanza upya. Lakini mafuta yalihitaji kupoa kwanza, na mama mtaalamu angerudi akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikaandika arobaini na tisa, hamsini na moja, kama mifuko mingine. Sijawahi kuandika haraka vile.

Aliporudi aliitazama mistari mitatu inayofanana, akasema nimemsaidia sana. Nikachukua ufagio.

Jumatano mifuko ilishuka Mombo, nami sikusema. Alhamisi nilifagia chumba kilekile mara mbili. Ijumaa simu ikalia. Mtunza ghala alieleza kwamba mfuko mmoja, ule wa tatu, umeyeyuka ukatiririka hadi mlangoni, kwamba ameufuta kwa kitambaa, na sasa macho hayafunguki vizuri. Alikuwa anaomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeumwaga. Mama mtaalamu alimwambia atoke, anawe kwa maji mengi, aende zahanati, asiingie tena humo.

Kisha akachukua unga wa akiba wa mfuko wa tatu, akaupima mwenyewe, mimi nimesimama pembeni yake. Tone la kwanza lilitoka kwenye arobaini na tatu. Unga haukuwa umekaushwa vizuri, akasema, na unga wenye unyevu huwahi kuyeyuka. Ndicho nilichowekwa pale nikione.

“Macho yako yalikuwa wapi?”

“Nilikuwa naamkia, mama.”

Hakunifokea. Naye ni wa hukuhuku.

“Ungeniambia Jumanne, tungecheka,” akasema. “Leo ni Ijumaa.”

Aliniandikisha karatasi ya kubandika mlangoni: Hapa macho yanafanya kazi, salamu baadaye. Mzee hajui kusoma, ikabidi nimsomee mwenyewe, nikiangalia viatu vyake. Siku hizi husimama nje hadi nitoke. Sijaweza kumweleza sababu ya karatasi ile.

Macho ya mtunza ghala yalipona baada ya wiki. Alipopiga simu tena, mama mtaalamu alinipa mimi nipokee. Nilimwamkia kwanza, kisha nikamwambia ni mimi niliyeandika namba zile za mfuko wa tatu, na kwamba sikuziona, nilizibuni. Yeye akauliza kama huku juu mvua inanyesha.

Nikatazama dirishani vizuri kabla ya kumjibu. Nikamwambia hapana, ni ukungu tu.