Tembo Nisiowaona

Mjukuu wangu wa kike alininunulia pampasi za watu wazima kwenye duka la dawa pale Kilosa mjini, akazileta zimefungwa kwenye gazeti kama maandazi.

"Hizi za safari, babu," alisema. "Sitaki mume wangu aniaibishe mbele ya twiga."

Binti huyu ananiita mume wake tangu alipojua kusema, na bibi yake anamwita mke mwenza. Wakikaa pamoja husema wamechoka kunitunza, kila mmoja anamsihi mwenzake anichukue moja kwa moja. Nilizipokea zile pampasi, nikashukuru, kisha nikazisukuma uvunguni mwa kitanda. Nilifundisha sekondari, nikaongoza baraza la kanisa. Nisingevaa nguo ya mtoto mchanga kwenda kutazama wanyama.

Ilikuwa wiki ya sita tangu nipasuliwe tezi dume. Mpira wa mkojo ulishatolewa, kidonda kilikuwa kimefunga, ila mkojo ulikuwa unakuja kama mgeni asiyepiga hodi. Daktari aliniruhusu kusafiri, akaniambia ninywe maji kwa wingi na nisijibane.

Safari aliipanga mwanangu mkubwa, anayefanya kazi Morogoro. Alikodi Noah itupeleke hifadhini Mikumi siku ya Nane Nane. Alisema ni kwa ajili yangu, nipate hewa. Nilijua ni ya mama yake, na nilijua kwa nini.

Watoto wetu walipokuwa wadogo nilimwahidi mke wangu kwamba nitampeleka hifadhini. Tukapata nafasi kwenye lori pamoja na familia nyingine za kwetu Kisanga. Tulipofika Mikumi mjini lori likasimama kidogo, nami nikaona watu niliosoma nao. Nikamwambia mke wangu, dakika kumi tu. Nilikaa baa hadi jua likapinda. Lori lilishaondoka na wengine, wakaenda wakaona wanyama, wakarudi kutuchukua. Mke wangu alikuwa kituoni na watoto watatu, amekalia kifurushi cha chakula ambacho hakukifungua. Hakunigombeza. Kosa hilo ni langu, na sina wa kugawana naye. Tangu siku ile mke wangu amewajua tembo kwa nyayo tu, asubuhi, katikati ya mahindi yetu yaliyolazwa chini.

Dereva wa Noah alikuwa mtani wangu, Mnyamwezi, ambaye babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge. Sisi Wasagara tunataniana nao tangu misafara ya miguu ilipokuwa inapita kwetu. Mtani anaweza kukamata kuku wako na kumla mbele yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, kazi wanazoziogopa ndugu zako anazifanya yeye.

"Shikamoo, mtani," alisema.

"Marahaba."

"Kumbe upo. Mimi niliposikia umepasuliwa nikanoa jembe la kaburi. Sasa nilifanyie nini?"

"Kalimie shamba, ukilipata."

"Haya, mzigo unakaa nyuma," akasema, akanilaza kiti cha nyuma na mto wangu. Kisha akafungua mlango wa mbele, akamkaribisha mke wangu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika ndoa yetu yote kiti cha mbele kilikuwa changu. Hata kwenye baiskeli alikaa nyuma, akitazama kisogo changu. Sasa nilikitazama chake. Alikuwa amefunga kilemba cha Pasaka.

Kabla hatujafika kijiji cha Ulaya, njiani kwenda Mikumi, nilikuwa nimeomba kushuka mara mbili.

"Mwacheni," alisema dereva. "Anaweka mipaka, kama simba."

"Simba hana mto," akajibu mjukuu wangu.

Nilicheka kwa tahadhari, maana kicheko nacho kilikuwa kinanibana.

Getini tukaambiwa tusishuke garini mpaka kwenye bwawa la viboko. Tukaona swala, tukaona twiga. Mke wangu alikuwa akinyoosha kidole kabla ya dereva. Halafu, kwenye kona, tembo wakatoka majanini, wakaanza kuvuka barabara mbele yetu. Dereva akazima gari. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia majani yanavyong'oka.

Na mgeni wangu akaja.

Nilikaza meno. Nadhani niliguna, maana mwanangu aligeuka akaniona uso.

"Dereva, washa turudi nyuma tuzunguke," alisema. "Baba anaumia."

Mke wangu hakugeuka. Alisema tu, "Twendeni," taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Mimi nikaielewa sauti ile. Ndiyo aliyokaa nayo kituoni mchana kutwa.

"Hakuna kwenda," nikasema. "Mtani, usiwashe."

"Baba, utajichafua."

"Nitajichafua. Mwache mama yako atazame."

Mwanangu akashika chupa ya maji, akaiachia, akaishika tena. Mtoto hawezi kuusogelea uchi wa baba yake, na mjukuu, pamoja na mizaha yake yote ya ndoa, alikuwa amejiziba uso kwa mikono. Dereva ndiye aliyepenya katikati ya viti akaja nyuma. Aliikata ile chupa shingo kwa kisu cha machungwa, akamwomba mke wangu kitenge. Mke wangu akakivua begani na kukipitisha nyuma bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Haya, mtani," akaninong'oneza dereva, ameshika kitenge kama pazia, amegeuza uso. "Jembe bado lipo, lakini leo tuanze na hili."

Nilikojoa huku nikitetemeka kwa kicheko, na kidonda kikinichoma. Ilichukua muda. Dereva hakuniharakisha. Aliposhusha kitenge, barabara ilikuwa tupu na vumbi linatulia.

"Umewaona?" mke wangu aliuliza.

Zamani ningesema ndiyo, ili nisipitwe na jambo.

"Sikumwona hata mmoja," nikasema. "Walikuwaje?"

Akageuka kwenye kiti, magoti yakielekea kwangu, akaanza. Walikuwa tisa. Mmoja amevunjika pembe. Mtoto alikuwa anatembea chini ya tumbo la mama yake, akiteleza, akisukumwa na mkonga. Na yule mkubwa wa mwisho, akasema, alisimama akamtazama yeye, si gari, yeye, akainamisha kichwa kama anaamkia.

"Labda alikuwa anang'oa jani," akasema mwanangu.

"Kaa kimya," nikamwambia. "Mama yako anasimulia."

Alisimulia hadi kwenye bwawa la viboko. Tulipofika, tembo wa hadithi yake walikuwa wameshakuwa kumi na wawili, nami sikumkatisha.