Bibi Yangu Amemwona Yule Ajuza Mchawi

Leo bibi yangu wa kijijini Kikwe amenichambua hadi nimekosa pa kuficha uso. 😂

Nasoma mambo ya filamu, na utafiti wangu ni jinsi sinema zetu zinavyowaonyesha wazee. Nikaenda kumhoji, nikiwa na filamu ya kumwonyesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, weka hiyo picha tuone."

Nikamwekea kwenye simu filamu fupi tuliyotengeneza darasani. Kuna ajuza mchawi, mgongo umepinda, anakohoa kila akifungua mdomo.

Bibi akatazama hadi mwisho. Halafu akauliza, "Huyu mzee mbona anatembea kama amebanwa na haja?"

Nikapunguza sauti ya simu.

"Na kichwani wamemmwagia sembe?"

Jamani. Yule ajuza ni mimi.

Nilipokiri, bibi alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akakaza uso.

"Nina miaka sabini na nne. Asubuhi nimekata majani ya ng'ombe na nimeyabeba mwenyewe. Mbona hamkuniita mimi?"

Nikamwomba papo hapo aigize katika filamu yetu ijayo. Amekubali kwa masharti: harogi, hafi, na lazima atongozwe.

Kwa hiyo natafuta babu mtanashati anayejua kutongoza. Wenye babu zenu, leteni majina hapo chini.