Barua ya Kuhamisha Steji

Mji wetu si Nyeri na si Karatina. Uko kati ya hiyo miwili, na jina lake silitaji kwa sababu wenzangu niliotia nao sahihi ile barua bado wako hai, na wengine tunakaa benchi moja kanisani. Nitasema tu kwamba una barabara kuu moja, maduka ya zamani yenye veranda za mabati pande zote mbili, na siku hizi matofali ya kabro yaliyotandazwa barabarani, safi kabisa, ambayo unaweza kulala katikati yake saa sita mchana na usikanyagwe na mtu.

Nina duka la vitambaa kwenye barabara hiyo. Sikulianzisha mimi. Lilikuwa la mzee mmoja Mhindi ambaye babake ndiye aliyelijenga, na mimi niliingia humo nikiwa msichana wa kukata vitambaa kwa mita. Mzee huyo aliongea Kikuyu kizuri kuliko wanangu. Watoto wake walipohamia ng'ambo na miguu ikaanza kumsumbua, aliniachia duka kwa masharti ambayo hakuna mtu mwingine angenipa, akaenda kukaa na nduguye Nairobi. Aliniachia pia benchi refu kwenye veranda, na saa ya ukutani iliyotundikwa nje ikitazama barabara. Miaka yote niliyomfanyia kazi sikuwahi kumuuliza kwa nini saa ya duka iko nje na sisi wa ndani hatuioni.

Na aliniacha na fundi wa cherehani. Huyu hakuwa ameandikwa kazi. Huku kwetu fundi hukaa kwenye veranda ya duka la vitambaa bila kodi na bila mshahara. Duka humletea mtu, naye humfanya mtu huyo anunue. Mwanamke akitoka mlangoni na mita mbili mkononi, fundi wetu alikuwa akimtazama mabega kidogo, halafu anamwambia, "Hiyo itakunyima mikono, mama. Rudi uongezwe nusu." Na mama anarudi.

Alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka kama ishirini. Alizaliwa upande ule mwingine wa mlima, akaletwa huku na ndoa, na hata baada ya miaka yote hiyo sisi tulimcheka kwa vile alivyotamka maneno. Alinishonea gauni la harusi. Mume wangu alipofariki, alinishonea nguo nyeusi bila kunipima, kwa sababu vipimo vyangu alivijua kwa kichwa. Watoto wangu wote walivaa sare alizoshona yeye, zikiwa na pindo kubwa la kuteremshwa wakirefuka.

Sasa, steji ya matatu, pale magari yanapopakia abiria, ilikuwa hapo mbele yetu, hatua kumi kutoka mlangoni. Niliichukia, na sitajifanya kwamba sikuichukia. Makanga wa kuita abiria walipiga mabodi ya magari kwa viganja tangu asubuhi. Vumbi liliingia kwenye vitambaa vyeupe wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha watu waliniletea tope la vijiji vyote vya bondeni. Benchi la mzee lilijaa akina mama wenye makuku na madumu, wanaume wakisubiri gari lijae, watoto wakimwaga uji. Siku moja nilichoka, nikaagiza benchi liingizwe stoo.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Sasa watu watangoja wakikaa wapi?"

"Hapa si mahali pa kungojea," nikamjibu. "Hapa ni duka."

Akarudi kwenye kazi yake.

Wakati huo miji yote ya huku mlimani ilikuwa na wazimu wa kujipamba. Ulikuwa ukisikia fulani wamewekewa kabro, fulani wamepanda maua, fulani wana taa za barabarani. Sisi wenye maduka tulikuwa na chama chetu cha mtaa, na mimi nilikuwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Tulijiona tumeachwa nyuma. Biashara ilikuwa inakwenda polepole, vijana wetu walikuwa wakinunua nguo zilizoshonwa tayari, na tulitaka mtu au kitu cha kulaumu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyesema twende tukajifunze kwa wenzetu. Alikuwa amesikia kuhusu mji mmoja, ng'ambo ya mlima, ambao umetengenezwa ukapendeza.

Tulikubaliana wote, isipokuwa kuhusu siku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kufunga duka siku ya kazi. Jumatatu watu wa mashamba wanakuja, Jumanne ni siku ya soko, Ijumaa walimu wanapita. Tulipiga siku zote hesabu, ikabaki moja. Tukaenda ibada ya kwanza ya alfajiri, tukapanda gari la kukodi tukiwa na nguo za kanisani na chupa za chai, tukazunguka mlima.

Tulifika saa tano. Nitakumbuka mpaka nife jinsi tulivyoshangaa. Barabara ilikuwa pana, safi, imetulia. Hakuna honi. Hakuna mtu wa kukuvuta mkono akikuuliza unaenda wapi. Kulikuwa na vyungu vikubwa vya saruji vyenye maua mekundu, na magari mawili matatu yakipakia kwa mbali karibu na kituo cha petroli. Tulitembea katikati ya barabara tukishikana mikono kama watu wa picha ya harusi. Mwenye bucha alivua kofia. "Mmeona?" akasema. "Mmeona mji ukitolewa steji unavyokuwa?" Na sisi sote, watu wazima, watu wa biashara, tuliona.

Jumapili. Saa tano. Mji mzima ulikuwa kanisani, na sisi tukadhani huo ndio mpango wa mji.

Nilirudi nikaiandikia ofisi ya kaunti barua. Ilikuwa barua nzuri, na ubaya wake ni kwamba bado najivunia Kiswahili chake. Niliandika kuhusu usafi, utulivu na heshima ya mteja. Niliandika kwamba tumejionea kwa macho yetu. Tukaomba kabro na maua, na zaidi ya yote tukaomba steji ihamishwe ukingoni mwa mji. Wenye maduka wote walitia sahihi, lakini mwenyekiti alisema barua ingekuwa na uzito zaidi kama hata wale wa veranda wangesaini. Kwa hiyo nilitoka nje na karatasi nikamwekea fundi juu ya meza ya cherehani.

"Ni ya nini hii?"

"Ya kusafisha mji. Soma."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

"Basi nasoma ya nini? Nionyeshe mahali."

Nikamwonyesha mahali. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, akanirudishia kalamu.

Maombi yetu yalikubaliwa haraka kuliko tulivyotarajia. Magari yakahamia kwenye uwanja mpya mwisho wa mji, kabro ikalazwa, maua yakaja. Siku ya kwanza nilifungua milango yote miwili ya duka, nikaanika kitambaa cheupe nje makusudi. Hakikushika hata chembe ya vumbi. Nilifurahi kama mtoto. Ilipofika jioni nilikuwa sijakata hata mita moja, nikajiambia watu bado hawajazoea.

Hawakuzoea. Yule mama wa bondeni sasa anashuka mwisho wa mji, anamaliza shida zake hukohuko, na akihitaji kitu kikubwa anabaki ndani ya gari mpaka Karatina. Ndipo nilipoanza kuelewa, na nilielewa nikiwa peke yangu nyuma ya meza, bila mtu wa kunisumbua. Hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwake kuja dukani kwangu. Walikuwa wakija hospitali, benki, ofisi ya ushirika wa kahawa. Halafu walikuwa wakirudi kwenye steji na gari halijajaa. Ile nusu saa ya kusubiri gari lijae ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Mtu alikuwa akikaa kwenye benchi, anatazama saa ya mzee, anaona bado ana muda, anakumbuka shati la mtoto. Mji wetu wote ulijengwa na magari ambayo hayajajaa, na mimi nilikuwa nimeandika barua nikiyafukuza.

Mwenye bucha alifunga. Mkahawa wa kona ukafunga, kikabaki kibao chake. Mwenye vifaa vya ujenzi, aliyetupeleka ziara, alihamia karibu na uwanja mpya bila kutuaga. Hilo halikunishangaza.

Fundi aliendelea kuja. Kila asubuhi alitoa cherehani, akaipangusa, akaipaka mafuta, akakaa. Kutoka ndani nilisikia ikikanyagwa, na sauti hiyo ilinituliza, maana nilidhani amepata kazi. Siku moja nilitoka nikasimama nyuma yake. Alikuwa anashona pindo la sketi ya bluu. Alifika mwisho, akakata uzi, akachukua wembe, akalifumua pindo lote, kisha akaanza upya. Kitambaa kilikuwa kimejaa matundu ya sindano mahali pamoja.

"Fundi hawezi kuonekana amekaa bure," aliniambia bila kugeuka. "Watu wakiona umekaa bure, wanasema huyo hajui kazi."

Nilirudi ndani nikalia. Kisha nikaanza kumpa kazi za uongo. Mapazia ambayo sikuyahitaji, foronya, aproni za watu ambao hawapo. Alizishona vizuri, kwa mishono midogo, akanikabidhi moja moja. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na tuliendelea hivyo kwa miezi kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na njia nyingine.

Halafu shangazi ya marehemu mume wangu akafa, na mazishi yakawa ng'ambo ya mlima. Jumatano. Gari letu lilipita katikati ya ule mji tuliokwenda kuusomea, na likakwama. Lilikwama kwa sababu ya matatu. Zilikuwa zimejaa barabara yote, kwenye moyo wa mji, mbele ya maduka kabisa. Makanga walikuwa wakipiga mabodi. Wanawake walikuwa wameketi kwenye kingo za vile vyungu vya maua, mizigo miguuni, wakinyonyesha, wakila mahindi. Kwenye kila veranda kulikuwa na fundi, na mbele ya kila fundi kulikuwa na mtu amesimama amenyoosha mikono anapimwa. Dereva alilaani msongamano. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Niliporudi nyumbani niliandika barua ya pili, ya kuomba steji irudishwe. Waliobaki kwenye mtaa walisaini wakiwa wameinamisha vichwa. Nikatoka nayo kwa fundi.

"Isome," akasema. "Yote. Ile ya kwanza hukunisomea."

Nikasoma nikiwa nimesimama. Nilipofika mahali panaposema "baada ya ziara yetu ya mafunzo," aliinua mkono.

"Ngoja hapo. Hiyo ziara mlienda wapi?"

Nikamtajia mji. Akaweka mkasi chini.

"Mlienda siku gani?"

"Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Jumapili! Ati mlienda kuona kwetu na watu wako kanisa!" Kisha kicheko kikaisha chenyewe, na uso wake ukabadilika. "Mimi nimezaliwa huko. Mama yangu alikuwa anauza viazi kwa hiyo steji. Iko na kelele kushinda ile yetu. Si mngeniuliza?"

"Hatukufikiria," nikasema.

"Hamkufikiria. Mimi nimekaa hapa kwa mlango yako miaka hiyo yote. Asubuhi unanipita, jioni unanipita. Mkakodi gari mkazunguka mlima mzima, na mimi niko hapa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata mbele ya marehemu mume wangu. Nilimnyooshea kalamu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mkono wangu.

"Hapana, msichana wangu," akasema, na hakusema kwa hasira. "Mimi niko na sahihi moja tu, na nilishakupatia."

Kesho yake mwanawe alikuja na mkokoteni, wakapakia cherehani. Aliniachia mapazia ya mwisho, yamepigwa pasi. Barua ilipelekwa bila jina lake, na tukajibiwa kwamba kwenye uwanja mpya watu wameshajenga vibanda, wana biashara zao, na hakuna wa kuwaondoa. Wana haki. Kibanda cha fundi huko kingepatikana, lakini alisema magoti yake hayawezi kuanza upya na watoto wenye mashine za umeme.

Nimerudisha benchi kwenye veranda. Saa nayo iko palepale, naitia betri, inaonyesha wakati sahihi. Mara nyingi anayekaa hapo ni mimi.

Wiki iliyopita aliingia mwanamke mmoja na msichana wa shule. Walichagua kitambaa cha sare, rangi ya kijani, nikakipima, nikashika mkasi. Kabla sijakata alichungulia mlangoni.

"Fundi wenu yuko wapi?"

Nikamwambia siku hizi anakaa nyumbani kwake.

"Na nani atatuambia kama hii inatosha?"

Nilimtazama yule msichana mabega, nikajaribu kukadiria. Sikuweza. Mwanamke akakikunja kitambaa vizuri, akakirudisha mezani, akaniambia watapita siku nyingine.