Wimbo Tuliojifunza kwa Simu

Aibu niliyoipata kanisani kule Kangemi, mbele ya watu wazima na akili zao, sijawahi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hiyo nivutieni hicho kiti. Na mkicheka, chekeni taratibu, maana ndani ya kisa hiki kuna mtu ninayemkumbuka mpaka roho inauma.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, nami nilikuwa opareta wa simu katika kampuni moja ya bima pale mjini, orofa ya tatu, nimekaa kutwa mbele ya bodi yenye matundu, nachomeka nyaya na kuzichomoa. Jumapili nilikuwa mwimbaji katika kwaya yetu ndogo ya watu saba, wote tumetoka magharibi mwa nchi, tuliojuana tulipopanga vyumba katika ua mmoja. Aliyetuanzisha ni Mama Robai, mfuaji nguo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jioni akimaliza kupiga pasi anagonga sufuria kwa mwiko, sisi tunatoka vyumbani, tunabanana kwenye kibaraza chake, mwingine na tonge la ugali mkononi, tunaimba mpaka mwenye nyumba anakuja kulalamika kisha anabaki kusikiliza. Ah, jioni zile! Jioni moja tu kama zile ningeinunua hata kwa mshahara wa mwaka.

Halafu kazi zikatutawanya. Joash, besi yetu, akapata upishi Loresho. Rasoa, sauti ya kwanza, akawa yaya Westlands. Wengine nao wakaenda, kila mtu akilala kwenye kijumba cha nyuma kwa mwajiri wake na kupewa siku yake ya ofu, leo huyu, kesho yule. Mama Robai hakukubali. Alikwenda kwa miguu lango hadi lango, anamsalimu mwajiri, anamwomba amwachie mtu wake Jumamosi moja tu alasiri aje mazoezi, na sijui aliwaambia nini wale watu, maana wengi walikubali. Lakini miguu ikaanza kumvimba, akaamua kurudi kwao Kakamega moja kwa moja. Akaniita.

"Perisi, kwaya sasa ni yako. Jumapili yangu ya mwisho nataka mniimbie ule wimbo wa kuaga, nyinyi wote saba, vile tulikuwa tunaimba hapa kwa ua. Hiyo tu. Zawadi sitaki."

"Umepata, Mama," nikasema, rahisi hivyo.

Nilikuwa na wiki nne. Joash akanishauri nifanye kama Mama, nikaombe ruhusa langoni. Mimi? Na viatu vyangu vya kisigino, nikabishane na mbwa wa Loresho? (Mbwa wa Loresho wa wakati ule walikuwa na kiburi kuliko wenyewe.) Nikajiona nina kichwa, ya nini kuchosha miguu. Nikaamua tutafanya mazoezi kwa simu.

Msinitazame hivyo. Kila nyumba waliyofanyia kazi ilikuwa na simu, na saa nne asubuhi, waajiri wakiwa kazini na wakubwa wangu wakiwa kwenye chai, nilipiga nyumba nne (wawili wetu walifanya kazi jirani na Rasoa, basi walikimbilia kwake, watatu wakagombania simu moja), nikachomeka nyaya, nikafungua swichi zote kwa pamoja, na wote wakasikiana. Siku moja bibi mmoja wa Kizungu, aliyechangia laini na nyumba ya kina Joash, akainua simu yake akauliza hii ni stesheni gani ya redio, na Joash bila haya akamjibu ni ya Kakamega.

Tatizo lilikuwa moja. Simu zile zilibeba sauti moja tu. Zikiingia mbili pamoja unasikia ngurumo. Nikatoa amri kama meneja: "Ukisikia mwenzako ameingia, wewe nyamaza kabisa. Akimaliza, ndiyo uingie." Wakazoea. Besi inaimba sehemu yake, inanyamaza. Sauti ya kwanza inaimba yake, inanyamaza. Nidhamu ya ajabu, nami nikawa natembea ofisini nimejaa upepo.

"Lakini dada Perisi," Joash akaniuliza Alhamisi ya mwisho, "sasa hii kitu tutaimba pamoja lini?"

"Siku yenyewe," nikamjibu, nikamkatia, maana meneja alikuwa anaomba laini.

Jumapili ikafika. Waajiri wote waliwaachilia watu wao siku ile, wengi kwa sababu walimjua Mama Robai kutoka langoni mwao. Joash aliingia anahema, unga bado uko kwenye mkono wa shati, ibada imeshaanza, kwa hiyo hata kujaribu ubeti mmoja hatukuwahi. Mama alikaa benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, ametulia, anangoja.

Nikainua mkono. Joash akaanza besi, tamu kabisa. Rasoa akaingia, Joash kumsikia, akanyamaza. Rasoa naye akasikia sauti ya pili inakuja, akanyamaza. Sauti ya pili ikajikuta peke yake, ikaogopa, ikanyamaza. Nikainua mkono tena, tukaingia wote saba, tukasikiana wote saba, na wote saba tukanyamaza kwa heshima na adabu. Mzee mmoja wa kanisa akasema bila kunong'ona, "Hawa wanaimba ama wanapishana?" Kanisa likaanza kucheka. Na mimi, jamani, mimi kiongozi, katika kuchanganyikiwa kwangu nikapaza sauti:

"Haloo? Mko kwenye laini?"

Hapo ndipo mchungaji alipojifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanamtikisika, na akina mama wa nyuma wakashikana wasianguke. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama Robai hakucheka. Alishika benchi, akasimama na ile miguu yake, akatugeukia, akauanzisha wimbo mwenyewe. Alitaka kutupa njia tu, tumfuate, kama alivyofanya mara mia kule kibarazani.

Na sisi, tuliposikia mwenzetu ameingia, tukanyamaza kabisa.

Amri ilikuwa yangu. Maneno yote niliyajua, yalikuwa pale pale kwenye ulimi, na mdomo haukufunguka. Mama akatutazama mmoja mmoja huku anaimba, anatungoja. Kufika ubeti wa pili akaacha kutungoja, akatazama ukuta. Kicheko kilikuwa kimekwisha kanisani, na mtu tuliyekuja kumuaga akajiaga mwenyewe mpaka mwisho.

Nje nilimfuata nikilia. Akanishika shavu kwa mkono wake uliokauka kwa sabuni.

"Wacha kulia. Kwani mara ya mwisho nyinyi kuonana ni lini?"

"Tunaongea kila wiki, Mama."

"Sijauliza kuongea."

Jumatatu asubuhi alipanda basi, na kati yetu saba hakuna aliyekuwa na ofu ya kumsindikiza. Mimi nilikuwa kwenye bodi yangu, nawaunganisha watu wasionihusu. Kabla mwaka haujaisha tukapata habari kwamba amezikwa.

Tangu hapo, nikipewa watu wa kuongoza, wawe wa kwaya, wa chama au wa harambee, nawaendea walipo, hata kama kila mtu ananiambia najisumbua bure. Kwaya ilisimama tena, tuliimba harusi na misiba mingi, lakini wimbo ule hakuna aliyethubutu kuutaja. Siku nyingine nikiwa peke yangu jikoni unanijia, nausikia mwanzo mpaka mwisho, na ni sauti ya Mama Robai tu. Zetu hazimo.