Kura Moja ya Baba Mkwe

Mtaani kwetu Kolwezi siasa ya mtu huanikwa kwenye kamba ya nguo. Wakati wa kampeni kila mgombea hugawa vitenge vyenye sura yake, na kitenge hakikataliwi. Mama mkwe wangu alikuwa na wagombea wanne kwenye kamba moja, mmoja wao kakatwa kichwa na mshonaji ili zipatikane mikono ya blauzi. Ungeniuliza mtaa umeelemea wapi, ningekujibu bila kupepesa: waliotoka Sandoa humpigia mtu wa Sandoa, wachimbaji humpigia aliyewaahidi shimo, na waliobaki humpigia aliyepita mwisho. Nilijiona mtaalamu.

Baba mkwe alipogombea udiwani wa komini, alinichagua mimi niwe shahidi wake kwenye kituo cha kura. Kwetu mtu hamkatalii baba mkwe, hamtazami usoni, wala hampingi kwa neno. Akisema mchana ni usiku, unatafuta blanketi. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya mitambo kwenye bwawa la Nzilo, na hotuba yake nzima ilikuwa hii: "Mi najua fasi courant inatokea!" Yaani anajua umeme unakotoka. Vitenge hakuwa navyo. Alikuwa na bango moja, tena kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Siku chache kabla ya kura alitukusanya uwanjani, watu kumi na mmoja wa jamaa yake tukimhesabu na yeye, sote wa kituo kimoja.

"Batu ba inje banaweza kunikatala," akasema. "Lakini kama benye kukula mu nyumba yangu bananikatala, mi narudia Sandoa kwa kaka yangu. Mama yenu atabakia na nyumba."

Tukaapa mmoja mmoja. Mke wangu alilia, maana alimjua baba yake: akisema anakwenda, anakwenda.

Siku yenyewe nilipiga yangu mapema, nikaketi kwenye dawati la watoto wa shule, magoti karibu na kidevu. Ile mashine ya kura inataka ubonyeze picha ya mtu wako, halafu inakutolea karatasi. Jamaa wakapita wote, kila mmoja akinikonyeza. Mzee naye akapita, kifua mbele. Kituo kilipofungwa, karatasi zikafunguliwa na majina yakasomwa kwa sauti. Jina la mzee lilisomwa mara moja tu.

Moja! Nilimwomba msimamizi arudie. Akarudia kwa upole mkubwa, ikawa moja tena.

Matokeo yalipobandikwa asubuhi kwenye mlango wa shule, nyumbani kukawa na maajabu. Nilidhani watu watajificha. Badala yake kila mtu alidai kura ile ni yake. Shemeji yangu alikumbuka hata kidole alichotumia. Mama mkwe, kavaa mgombea wa tatu kuanzia kiunoni hadi miguuni, akaapa kwa kaburi la mama yake: "Ile voix ni yangu! Ba ingine bote ni babongo!" Mke wangu akaapa vilevile, tena kwa sauti zaidi.

Mimi nilijitenga pembeni. Nilijua vizuri kura ile ni ya nani, kwa sababu niliipiga mwenyewe. Nikawahesabu waongo. Tisa walikuwa wakigombana mbele yangu. Wa kumi alikuwa chumbani akikunja suruali zake.

Nikatumwa nikamzuie. Kwa kuwa mtu haingii chumbani kwa baba mkwe, nikasimama nje ya pazia.

"Mukwe," akasema, "weye ulikuwa pale. Ile moya ni ya nani?"

Nikasikia zipu ya sanduku ikikwama katikati.

"Ku affiche siko na malunettes," akaendelea, sauti imeshuka. Kweli, kwenye bango lile hakuvaa miwani. "Nikasema, batu batanijua je kama nimezivala? Nikaziacha ku nyumba. Ku mashini niliona masura tu. Nikabonyeza yenye kufanana na mi." Akapumua. "Bale ba nyumba yangu hapo inje nabajua, banakula kitenge, hasira itapita. Lakini kama mi mwenyewe nilijikatala, nitabakia hapa na uso gani? Nilijivotia, ao hapana?"

Nilimhurumia. Mtu mzima, na sanduku lake, anangoja kuambiwa kama alijipenda.

"Ni yako, tata," nikasema.

Nikasikia suruali zikitolewa sandukuni. Moyo wangu ukatulia, nikawa nimeanza kurudi nyuma, pazia likafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, tukatazamana usoni.

"Kama ni yangu," akasema polepole, "weye ulivotia nani?"

Kumpinga siwezi. Nikainamisha kichwa.

"Bale ni damu yangu, nitabafanya nini? Lakini weye, temwe wangu!" Temwe ndiye shahidi, na alilitamka neno hilo kana kwamba ni ugonjwa. Akaniambia nisionekane mezani kwake mpaka atakaponiita. Wale tisa, mke wangu akiwa mmoja wao, walibaki wakila naye bukari, ugali wa kwetu, mchana ule, wakimpa pole.

Jioni, tukirudi nyumbani, mke wangu alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika mlangoni kwetu akageuka, machozi yanamlengalenga.

"Baba yangu alikukosea nini?" akaniuliza.